Paneli za kumeza sauti kwenye chumba cha muziki: mahali pa kuzipiga, na namna ya kuzipiga kwa nyumba za Mtwara na Lindi

Nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi Mtwara mjini, na Lindi vilevile, zina kuta za bloku zilizopigwa lipu na rangi, sakafu ya vigae, madirisha ya alumini na dari ya jipsamu. Ni nyumba safi na zinapitisha upepo. Tatizo linaanza ukiingiza spika nzuri humo ndani. Mwimbaji anasikika kama anaimbia bafuni, besi inanguruma kwenye noti moja na kupotea kwenye nyingine, nawe unazidi kuongeza sauti ukidhani spika ndiyo dhaifu.

Watu watakwambia piga paneli, yaani fremu ya mbao iliyojazwa pamba na kufunikwa kitambaa. Sawa, ila wengi huzipiga pale palipobaki wazi, au pale zinapopendeza kwenye picha, kisha wanashangaa muziki umebaki vilevile. Paneli nne zilizo mahali pake zinashinda kumi na mbili zilizotapakaa ukutani. Na kwa sisi wa pwani kuna jambo moja ambalo miongozo iliyoandikwa kwa nchi za baridi hulipitia juujuu: uwazi wa hewa kati ya paneli na ukuta. Uwazi huo huifanya paneli imeze sauti nene zaidi, na huohuo ndio unaoizuia isiote ukungu. Nitaurudia mara kadhaa humu, nivumilie.

Kabla ya yote tuelewane: paneli hizi hazizuii sauti kutoka nje. Jirani anayelalamika ataendelea kulalamika, na mvua ikipiga bati utaisikia. Kuzuia sauti kunataka uzito na kuziba kila upenyo, yaani ukuta mnene, mlango mzito, dirisha lililofungwa barabara. Kazi ya paneli ni kumeza sauti ambayo tayari imo chumbani, isirudi sikioni mara ya pili na ya tatu.

Trei za mayai nazo tuziweke pembeni mapema. Utaziona kwenye studio nyingi za mitaani zimegundishwa ukuta mzima. Ni karatasi nyembamba. Zinagusa kidogo sauti kali za juu na kuiacha besi na sauti ya mtu zilivyo. Tena zinashika moto kwa haraka ya kutisha. Zirudishe kwa muuza mayai.

Hatua ya 1: Kijue chumba chako kwa futikamba

Pima urefu, upana na kimo, uandike. Nitatumia mfano wa chumba kimoja mpaka mwisho ili hesabu zisituchanganye: urefu mita 4.2, upana mita 3.2, kimo mita 2.7. Ni chumba cha kulala cha kawaida kilichogeuzwa cha muziki.

Mwendo wa sauti hewani hutegemea joto. Kwa nyuzi 30, joto tunalolijua vizuri huku, sauti inakwenda kama mita 349 kwa sekunde. Gawanya 349 kwa urefu wa chumba uliozidishwa mara mbili, utapata noti ambayo chumba chenyewe kinapenda kuishikilia. Kwa urefu wa mita 4.2 jibu ni kama 41.5 Hz (mitetemo kwa sekunde). Kwa upana wa mita 3.2 ni 54.5 Hz. Kwa kimo ni karibu 65 Hz.

Sasa tazama. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutoa 41 Hz. Unaoufuata hutoa 55 Hz. Chumba chetu kimeangukia juu ya nyuzi zote mbili. Ukiweka rekodi za zamani za muziki wa dansi, zile zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970, mpiga besi akigusa uzi mmojawapo chumba kizima kitaitika naye, na akihamia noti ya jirani besi itasinyaa. Mpiga besi hana kosa, na spika haina kosa. Chumba chako kitatoa namba nyingine. Zikokotoe kabla hujanunua hata ubao mmoja, maana zitakuonyesha ukubwa wa kazi ya pembe za chumba tutakayoifikia hatua ya 5.

Halafu piga kofi moja kali, simama katikati. Ukisikia mlio unaotetemeka kwa kasi baada ya kofi, sauti inapigwa danadana kati ya kuta mbili zinazotazamana. Mlio huo ni rahisi kuumaliza. Usikudanganye ukadhani ndio ugonjwa mzima.

Hatua ya 2: Spika na kiti kwanza, paneli baadaye

Hatua hii haina gharama, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Spika zikae kwenye ukuta mfupi zikitazama urefu wa chumba. Wewe na spika mbili mfanye pembetatu yenye pande sawa. Kiti kisigote ukuta wa nyuma, maana hapo besi hujaa kupita kiasi, wala kisiwe katikati kabisa ya urefu, maana katikati ndipo ile noti ya 41.5 Hz inapozimika. Mahali pazuri pa kuanzia ni asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa nyuma. Kwa chumba chetu ni kama mita 1.6.

Kwa vipimo kamili: nyuso za spika ziwe sentimita 90 kutoka ukuta wa mbele, spika ziachane mita 1.9, kila moja iwe sentimita 65 kutoka ukuta wa pembeni yake, na masikio yako yawe mita 2.55 kutoka ukuta wa mbele. Kwa nini 90 na 65, na si 80 na 80? Kwa sababu sauti nene huzunguka nyuma ya spika, hugonga ukuta na kurudi kuifuta ile ya mbele. Kutoka ukuta ulio sentimita 90, noti inayofutwa iko karibu na 97 Hz; kutoka sentimita 65, iko karibu na 134 Hz. Umbali ukilingana, mashimo yote mawili huangukia noti moja na shimo linakuwa kubwa. Yatofautishe.

Mwenye sabufa ana njia ya kizamani inayofanya kazi. Iweke sabufa juu ya kiti chako cha kusikilizia, cheza wimbo wenye besi inayotembea, kisha tambaa kwa magoti ukizunguka chumba, kichwa kikiwa karibu na sakafu. Pale besi inaposikika sawasawa, noti baada ya noti, ndipo sabufa inapotakiwa kukaa. Funga mlango tu, watoto wasikuone.

Hatua ya 3: Kioo

Mwombe mtu akusaidie. Wewe kaa kitini. Yeye ashike kioo cha kawaida kikiwa bapa ukutani, kwa kimo cha masikio yako, akitembeze taratibu kutoka upande wa spika kuja kwako. Kila mahali unapoiona spika ndani ya kioo, tia alama kwa penseli. Hapo ndipo sauti inapogonga mara moja na kukujia.

Utapata alama mbili kwa kila ukuta wa pembeni: moja ya spika ya karibu, nyingine ya spika ya ng'ambo. Kwenye chumba chetu, kwa mahesabu, ya kwanza iko kama mita 1.38 kutoka ukuta wa mbele na ya pili kama mita 1.91. Hivyo paneli moja ya sentimita 120 kwa 60, ikilazwa badala ya kusimamishwa, kitovu chake mita 1.65 kutoka ukuta wa mbele, inazifunika zote mbili. Kwa kimo, ianzie sentimita 75 kutoka sakafuni na kuishia 135. Watu huisimamisha kwa sababu inafanana na mlango na macho yamezoea. Ikisimama hivyo, upana wa sentimita 60 unazigusa alama zote mbili kwa kingo zake tu.

Sababu ya kuzipa alama hizi uzito ni muda. Sauti inayogonga ukutani kwanza kwenye chumba hiki inasafiri sentimita 89 zaidi ya ile inayokuja moja kwa moja, kwa hiyo inachelewa milisekunde 2.5 hivi. Ni muda mfupi mno kwa sikio kuisikia kama mwangwi. Badala yake sikio huichanganya na sauti ya kwanza: baadhi ya noti zinafutana, nyingine zinajazana, na ile picha ya mwimbaji aliyesimama katikati ya spika mbili inavurugika. Ukiimeza, waimbaji wanaachana, tumba inajulikana iko wapi, na hata rekodi ya zamani ambayo spika zote mbili zinatoa kitu kilekile inatulia katikati kabisa.

Rudia zoezi la kioo kwenye dari na kwenye ukuta wa nyuma. Sakafuni tandika zulia nene kati ya spika na kiti. Litashughulikia sauti za juu tu, lakini kwa vigae ni afadhali kuliko hakuna. Mkeka wa ukindu ni mwembamba mno kwa kazi hii.

Dirisha likiangukia kwenye alama ya kioo, usihuzunike. Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard aliyepewa mwaka 1895 kazi ya kutibu ukumbi wa mihadhara uliokuwa na mwangwi mbaya, alipima kwa kubeba matakia ya viti vya ukumbi mwingine, akayapanga na kuhesabu sekunde sauti inazochukua kufifia. Kipimo alichokichagua cha kumeza sauti kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa kuwa sauti ikitoka dirishani hairudi. Dirisha letu lenye nyavu ya mbu na nondo, likifunguliwa wakati wa upepo wa kusi, ni paneli ya bure. Shida ni mbili: upande wa pili hauna dirisha, kwa hiyo weka paneli nene pale ili pande zilingane, na mtaa wote utasikia unachosikiliza. Dirisha likibidi kufungwa, tengeneza paneli yenye miguu, isimame mbele ya dirisha wakati wa kusikiliza kisha uisogeze.

Hesabu ya Sabine yenyewe ni rahisi. Zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha gawa kwa mita za mraba zinazomeza sauti. Ujazo wetu ni mita za ujazo 36, jibu la kwanza ni 5.8. Tukisema sofa, zulia na mapazia vinameza sawa na mita za mraba 5, sauti inachukua kama sekunde 1.2 kufifia. Ongeza paneli nane, ambazo ni karibu mita za mraba 6, unashuka hadi nusu sekunde hivi. Kwa vyumba vidogo hesabu hii ni makadirio tu, na haikuambii chochote kuhusu noti ya 41 Hz, lakini inazuia mtu kununua paneli thelathini.

Hatua ya 4: Kutengeneza paneli yenyewe

Hapa ndipo pesa inapotea au kuokolewa, kwa hiyo tukae kidogo.

Unene ndio kila kitu. Sauti humezwa pale hewa inapokwenda na kurudi kwa kasi kubwa, na ukutani kabisa hewa haiendi popote. Kasi hiyo ni kubwa zaidi kwenye robo ya urefu wa wimbi kutoka ukutani. Wimbi la 1000 Hz lina urefu wa sentimita 35, robo yake haifiki sentimita 9. Paneli ya kawaida inalikamata bila shida. Wimbi la 60 Hz lina urefu wa karibu mita 6, robo yake ni mita moja na nusu. Ndiyo maana sponji yenye meno ya sentimita 3 inameza sauti za juu peke yake. Ukiijaza chumba kizima, chumba kinakuwa kizito, kimenyamaza juu na kinanguruma chini, kibaya kuliko kilivyokuwa.

Kwa paneli za ukutani lenga unene wa sentimita 10, ukiacha uwazi mwingine wa sentimita 10 nyuma yake. Kwa sauti nene, paneli hiyo inakaribia kufanya kazi ya paneli ya sentimita 20, na uwazi hauuziwi.

Cha kujaza ndani, chaguo la kwanza ni pamba ya mawe au pamba ya kioo iliyokandamizwa kuwa vibao, uzito wa kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo. Huuzwa kama kizuia joto cha mapaa na mabomba. Uliza kwanza kwa mafundi wa majokofu na wa maghala. Ukikosa, agiza Dar es Salaam ije kwa gari, ni nyepesi ingawa inachukua nafasi. Haiungui kirahisi na mchwa hawaili. Unapoikata vaa barakoa, glavu na mikono mirefu, ufanyie nje, kisha ukaoge kwa maji baridi.

Chaguo la pili ni la kwetu. Sufi ya msufi inameza sauti vizuri sana, lakini ina tabia tatu mbaya: inashuka na kujikusanya chini ya fremu, panya wanaipenda, na ikiguswa na cheche inalipuka mara moja. Ukiitumia, ishone kwa vifundo kama godoro, na chumba hicho kisiingie dawa ya mbu ya kuchoma wala chetezo cha udi. Nyuzi za makumbi ya nazi ni nene zaidi, hewa inapita kirahisi mno, kwa hiyo zinataka kukandamizwa na kupewa unene wa sentimita 15 au zaidi ndipo zionyeshe kazi. Nazo zinaungua. Sponji ya godoro inameza pia, lakini moshi wake ukiungua ni sumu; binafsi singeilaza karibu na amplifaya.

Fremu ni mbao laini zilizotiwa dawa ya mchwa, inchi moja kwa nne, vipimo vya ndani sentimita 120 kwa 60. Fundi seremala atakuuliza tu: "Bosi, mbona haina mgongo, tusiipige plaiwudi?" Mwambie hapana, fundi. Mgongo wa plaiwudi unaifunga njia ya sauti kuingia kwenye uwazi wa nyuma, na unaufungia unyevu ndani. Mgongoni vuta kitambaa chepesi tu cha kushika nyuzi zisimwagike.

Mbele funika kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Kipimo chake ni mdomo wako: kiweke mdomoni, puliza. Pumzi ikipita bila kusukumana, kinafaa. Kanga inapita. Gunia la jute, lile la kufungashia korosho, ni zuri ajabu na lina sura ya kwetu, ila nunua jipya. Lililokwisha beba korosho lina vumbi, wadudu na harufu ambayo haitoki hata ukilifua. Ngozi bandia haifai, wala kitambaa chochote chenye utando wa plastiki. Na ukichagua kanga, soma jina lake kabla ya kuitundika. Litakukodolea macho kila jioni, na wageni nao watalisoma.

Paneli moja ya namna hii, ikijazwa pamba ya mawe, itafika kilo 7 hivi pamoja na fremu.

Hatua ya 5: Pembe za chumba

Sauti nene hujikusanya kwenye pembe, kuta mbili zinapokutana na zaidi ukuta, ukuta na dari vinapokutana. Ukitaka kupunguza ile 41.5 na ile 54.5, pembe ndipo pa kufanyia kazi.

Njia nyepesi: chukua paneli yenye upana wa sentimita 60 uisimamishe ikikatiza pembe, kingo zake zikigusa kuta mbili. Nyuma yake kunabaki uwazi wenye kina cha sentimita 30. Panga mbili, moja juu ya nyingine, kutoka karibu na sakafu hadi karibu na dari. Njia nzito ni kuujaza uwazi huo wote kwa pamba ya mawe, na inameza zaidi. Kwa pwani mimi nachagua ya kwanza. Pembe ya ukuta wa nje wakati wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, ni mahali penye unyevu, na ukiijaza pamba hutajua ukungu umeanza lini.

Anza na pembe mbili za mbele, nyuma ya spika. Mlango ukikalia pembe mojawapo, hamia ulipo mkutano wa ukuta na dari. Nao ni pembe. Vyovyote vile, paneli isigote sakafuni. Iinue sentimita 5 kwa vipande vya kigae, maji ya deki yapite na mchwa akipanda umwone.

Dari yako pia inachangia. Jipsamu hutikisika kidogo sauti nene inapoigonga, na kwa kutikisika huko inameza sehemu ya besi. Nyumba yenye dari ya zege haina msaada huo, itahitaji pembe zaidi. Na kabati lililojaa nguo au godoro la wageni lililosimamishwa kwenye pembe nyuma ya pazia ni msaada halali kabisa.

Hatua ya 6: Ukuta wa nyuma na dari

Ukuta wa nyuma ukiwa karibu na kichwa, chini ya mita 2 kama wetu, weka paneli nene kuliko zote ulizonazo, mbili sambamba, kimo cha masikio. Chumba kikiwa kirefu zaidi, rafu ya vitabu vya vimo tofauti inatosha, inaitawanya sauti badala ya kuiua.

Darini kuna ugomvi na pangaboi. Alama ya kioo kwenye chumba chetu inaangukia kama mita 1.7 kutoka ukuta wa mbele, na pangaboi la kawaida liko katikati ya chumba, mapanga yake yakifika hadi mita 1.4. Mahali ni palepale. Hapo lazima uamue. Usitundike kitu kinachoweza kuning'inia na kuguswa na panga. Hilo halina mjadala. Ukiwa tayari kuhamia feni ya ukutani au ya kusimama, tundika paneli mbili sambamba zikining'inia sentimita 10 chini ya dari, ukizifunga kwenye mbao za dari na si kwenye jipsamu tupu. La sivyo liache pangaboi, uache dari wazi. Kwa joto la Februari najua wengi watachagua nini, na siwalaumu.

Hatua ya 7: Kutundika

Toboa hadi kwenye bloku, lipu peke yake haishiki. Tumia plagi na skrubu za chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya chumvi ya Shangani au Mikindani hula misumari ya kawaida na kuacha mchirizi wa kutu kwenye rangi. Uwazi wa sentimita 10 utaupata kwa vipande vinne vya mbao nyuma ya fremu, kimoja kila kona. Juu na chini viache wazi, hewa ipande.

Kaa mbali na soketi, swichi na nyaya za taa. Paneli haifuniki kitu cha umeme, hata kama imejazwa pamba ya mawe.

Wenye nyumba za zamani za Mikindani, za mawe ya matumbawe na chokaa, wana habari tofauti. Vyumba vyake ni vyembamba kwa kuwa upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo alama za pembeni ziko karibu sana na masikio na zinataka paneli kabla ya kitu kingine. Kwa upande mwingine kuta zake hazijanyooka na boriti zinaitawanya sauti ya darini, jambo ambalo mwenye nyumba ya jipsamu hulinunua. Usizitoboe kuta hizo kwa drili ya kugonga, chokaa itakatika vipande. Tundika kwa kamba kutoka kwenye boriti, au tumia paneli za miguu, na uache uwazi wa sentimita 15, kwani ukuta wa matumbawe hupandisha unyevu kutoka ardhini.

Hatua ya 8: Sikiliza, pima, kisha uamue kuongeza au kuacha

Usizipige zote siku moja. Kwa mfuko mdogo mpangilio wangu ni huu: mbili za pembeni kwenye alama za kioo, mbili za pembe za mbele, sikiliza wiki nzima, kisha ukuta wa nyuma, kisha pembe zilizobaki. Dari iwe ya mwisho.

Ukiwa na kompyuta, programu ya Room EQ Wizard hupatikana bure, na kwa maikrofoni ya kupimia ya USB utaona kwa macho noti zinazojazana na zinazochelewa kufifia. Bila maikrofoni, cheza mlio mmoja unaopanda taratibu kutoka 30 hadi 200 Hz kwa sauti ya wastani, ukae kitini na kuandika unapojaa na unapozimika. Linganisha na orodha ya kabla ya paneli. Mashimo hayataisha yote. Ukipata besi ambayo noti zake zinafuatana bila moja kumeza nyingine, umefika. Kofi nalo likiisha mara tu unapolipiga, na bado mazungumzo ya kawaida hayasikiki kama yamefunikwa na blanketi, usiongeze paneli.

Mvua zikianza, shusha paneli moja ya ukuta wa nje uangalie mgongo wake. Ukiona madoa meusi, uwazi hautoshi au ukuta unavuja. Tibu ukuta kwanza. Sufi na makumbi zitolewe juani mara moja kila mwaka, wakati wa kiangazi, na gunia lipigwe brashi kuondoa vumbi, maana kitambaa kilichoziba kwa vumbi na rangi hakipitishi pumzi tena.